Namna ya Kumsoma Kima Punju kwa Kufuata Tumbo Lake: Mwongozo kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kumjua kwa undani mnyama wa msituni wa jamii ya kima hahitaji kusafiri siku nzima kuelekea milima ya bara, kwa sababu ng'ambo ya bahari, kiasi cha saa mbili kwa boti ya kasi, anaishi kima punju, ambaye kwa asili hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani nayo. Wengine walipelekwa katika msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, katika miaka ya 1970. Sensa yake iliyochapishwa mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya wanyama 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa awali, lakini bado amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na ukitafakari kwamba hao ndio karibu wote waliopo duniani utaelewa kwa nini.

Wageni wengi wanaofika Jozani, msitu wa Unguja ambako huonekana kwa urahisi, hukaa saa moja, hupiga picha, kisha huondoka wakiwa wamemwona kima punju bila kumfahamu. Mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kumpa mnyama huyu siku nzima, akiwa na daftari, kalamu na subira. Njia ninayoipendekeza ni moja: mfuate tumbo lake. Karibu kila jambo linalomshangaza mtazamaji, kuanzia usingizi wake mrefu wa mchana hadi tabia yake ya kula makaa, lina asili yake tumboni, na mtu anayelielewa tumbo hilo huanza kuona sababu mahali ambapo wengine huona vituko tu.

Anza na tumbo, ukiwa bado nyumbani

Kima punju ni ndugu wa mbega, na kama mbega wote ni mla majani. Jani ni chakula kilichojaa kila mahali msituni, lakini ni chakula kigumu, kwa kuwa kuta za chembe zake zimejengwa kwa selulosi, ambayo tumbo la mnyama peke yake haliwezi kuimeng'enya. Kwa hiyo tumbo la kima punju limegawanyika vyumba, na chumba cha mbele, ambacho ni kikubwa, hufuga bakteria wanaoivunjavunja selulosi hiyo kwa njia ya uchachushaji. Ng'ombe naye hutegemea bakteria wa namna hiyo, ila tofauti ni kwamba kima punju hacheui. Kazi hiyo huendelea polepole, kama sufuria ya maharage iliyoachwa juu ya moto mdogo, na mnyama hulazimika kukaa chini na kuisubiri. Ndiyo maana utamkuta ana kitambi kilichotuna, hata akiwa dume mwembamba wa mikono na miguu, na ndiyo maana utamwona amejilaza juu ya tawi huku miguu ikining'inia pande zote mbili. Usimwite mvivu, kwa maana wakati huo ndipo tumbo lake linapofanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Kutokana na tumbo hilo yanafuata mambo matatu ambayo ningependa uyashike kabla hujasafiri, kwa sababu utayahitaji kila mara utakapofungua daftari.

La kwanza ni kwamba bakteria hao hawavumilii asidi nyingi. Matunda mabivu yenye sukari huchachuka haraka mno na kuharibu mazingira yao, kwa hiyo kima punju hula matunda mabichi, mbegu na machipukizi, na huacha matunda yaliyoiva ambayo wanyama wengine huyagombania. Mtu anayemrushia ndizi mbivu kwa nia njema anamtia mnyama huyo katika hatari ya kuugua, na hili nitalisema bila kulainisha: usimlishe kitu chochote, hata kama anakuja karibu, na hata kama mwenzako ameshafanya hivyo na hakuona madhara.

La pili ni kwamba hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye majani yenyewe, kwa hiyo usimsubiri kwenye dimbwi.

La tatu ni kwamba majani mengi hujilinda kwa kemikali, hasa zile za kundi la fenoli, ambazo hushikamana na protini na kufanya umeng'enyaji uwe mgumu zaidi. Mnyama anayeishi kwa majani lazima awe mchaguzi. Hachagui mti tu, bali huchagua pia umri wa jani na sehemu ya jani. Jani changa lina protini nyingi na nyuzinyuzi chache, ilhali jani lililokomaa mara nyingi huachwa, au huliwa kikonyo chake pekee na bapa likatupwa chini. Uchaguzi huo ndio utakaoutazama.

Mazoezi ya Dar

Macho ya mjini hayajazoea kutafuta mnyama ndani ya majani, kwa hiyo yafundishe kwanza. Mahali pazuri pa kuanzia ni Mlimani, katika eneo la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako tumbili wanaishi na wamezoea watu. Tumbili si mnyama wa msitu mnene na tumbo lake si la mla majani, lakini hapo utajifunza kumfuata mnyama mmoja kwa macho bila kumpoteza, kutofautisha dume na jike, na kuandika bila kushusha macho kwa muda mrefu. Kaa asubuhi moja ukiwa na darubini, uandike kila dakika kumi kile wanachofanya.

Zoezi la pili lifanye kwenye mti. Mkungu umepandwa kwa ajili ya kivuli katika nyua na mitaa mingi ya Dar, na ni mmoja wa miti ambayo majani yake kima punju huyala sana katika mashamba ya Unguja. Chukua tawi moja la mkungu ulioko karibu nawe ulichunguze. Majani machanga yaliyoko kwenye ncha ni mepesi na laini; yaliyokomaa ni mapana, magumu kama ngozi, na yale yanayokaribia kuanguka hubadilika na kuwa mekundu. Shika kikonyo, ukivunje, uone maji yaliyomo. Mtu aliyelishika jani kwa mkono wake ataelewa haraka, atakapomwona kima punju akiyaruka majani kumi ili afikie moja. Fanya vivyo hivyo na mwembe, hasa unapotoa majani yake machanga ya rangi ya kahawia.

Safari yenyewe

Boti huondoka bandarini katikati ya jiji, na ya asubuhi na mapema ndiyo inayofaa, ingawa ningekushauri uvuke jana yake na ulale Unguja, ili uwe langoni asubuhi kabla ya makundi ya watalii kufika. Beba kitambulisho. Kutoka mjini Unguja hadi Jozani ni kiasi cha kilomita 35, na daladala za Makunduchi na Jambiani hupita langoni. Eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na utatembea ukiwa na mwongozaji. Mweleze mapema kwamba hutaki mzunguko wa kawaida bali unataka kukaa na kundi moja kwa saa nyingi, na mpatane malipo kwa uwazi kabla ya kuanza. Waongozaji hao wanayajua makundi, na maswali mazuri kuhusu miti watakujibu kwa furaha.

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei, kwa sababu maji ya ardhini katika Jozani yako karibu sana na uso wa nchi na mvua kubwa huufanya msitu ufurike. Vaa nguo za rangi tulivu zinazofunika mikono na miguu, jambo ambalo pia ni adabu katika vijiji utakavyopita. Ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha safari. Magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu yanaweza kuwapata wanyama hawa, na kundi lililozoea watu halitakukimbia ili lijiokoe.

Kumtambua, na kutomchanganya na kima mwingine

Mgongo wa kima punju ni mwekundu wa kahawia, mabega na sehemu ya nje ya mikono ni nyeusi, tumbo ni jeupe, uso ni mweusi wenye rangi ya waridi kuzunguka midomo na pua, na nywele ndefu nyeupe zimesimama kuzunguka uso na utosi. Mkia ni mrefu kuliko mwili, lakini hautumiki kushikia tawi. Ni wa kujiweka sawa anaporuka. Wanasayansi wa Ulaya walimfahamu kupitia John Kirk, daktari Mskoti aliyekuwa Zanzibar, na jina la kitaalamu alilopewa mwaka 1868, ambalo leo ni Piliocolobus kirkii, linamtaja yeye.

Katika msitu huohuo yupo kima wa kawaida, mwenye rangi ya kijivu iliyokoza na koo jeupe, na mara nyingine hutembea pamoja na kima punju katika kundi lililochanganyika. Rangi pekee inaweza kukudanganya pale jua linapokuwa nyuma ya mnyama, kwa hiyo tazama mkono na shavu. Kima wa kawaida ana kidole gumba, hukamata tunda kwa ustadi, hulisukuma ndani ya mfuko wa shavu, na utaona shavu limevimba upande mmoja huku akiondoka kwenda kula mahali salama. Kima punju hana mifuko ya mashavu, na kidole gumba chake kimepungua hata kubaki kama kinundu. Vidole vyake vinne virefu hujikunja pamoja juu ya tawi na kufanya kulabu. Mtazame anavyokula: hunyoosha mkono, hulivuta tawi lote hadi mdomoni, huling'ata jani kwa meno ya mbele, kisha huliachia tawi, nalo huruka kurudi mahali pake likitikisa majani mengine. Mtikisiko huo wa kurudiarudia, tawi moja baada ya jingine, utakuonyesha kundi kabla hujamwona mnyama yeyote, na kwa maoni yangu ni alama ya uhakika kuliko sauti.

Namna ya kuandika

Ukilipata kundi, simama angalau mita kumi kutoka kwa mnyama aliye karibu zaidi, hata kama wao wenyewe wanakusogelea. Wakisogea, rudi nyuma taratibu. Weka simu mfukoni kwa nusu saa ya kwanza. Picha zitakuja baadaye, bila mwanga wa flashi na bila kumpa mnyama mgongo ili uonekane naye.

Kwanza kadiria ukubwa wa kundi. Makundi ya kima punju huwa na madume kadhaa, majike wengi zaidi na watoto wao, na hufika hata wanyama 50, kwa hiyo ukiwahesabu wakiwa wametawanyika mitini utahesabu wengine mara mbili na wengine hutawaona kabisa. Subiri hadi watakapovuka uwazi, kama vile njia au pengo kati ya miti miwili. Wao huruka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipita palepale alipopita mwenzake, na hapo ndipo unapohesabu. Mtoto aliyeng'ang'ania tumboni mwa mama mwandike pembeni.

Kisha anza zoezi kuu. Kila baada ya dakika kumi, pitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia mara moja tu, na kwa kila mnyama unayemwona andika anachofanya wakati ule unapomwona: anakula, anapumzika, anatembea, au yuko na wenzake kwa kucheza, kugombana au kuchambuana manyoya. Anayekula mwandikie zaidi: mti gani, na sehemu gani ya mti. Ukurasa wako uonekane hivi:

Saa 2:20 asubuhi. Mkungu, ukingo wa shamba. Wanaoonekana 9. Wanakula 6: majani machanga 4, vikonyo vya majani yaliyokomaa 2. Wanapumzika 2. Anatembea 1.

Usiandike "wana furaha" au "wamechoka". Andika ulichokiona. Na usikubali kishawishi cha kuandika tu yale yanayovutia. Mtoto anayeruka hulivuta jicho, ilhali jike aliyelala ndani ya majani hulikwepa, na daftari lisilo na wanaolala litakupa kima punju wa kubuni, mwenye pilika zisizo zake. Kosa hili ndilo ninalolihofia zaidi kwa mtazamaji mgeni, kwa sababu linaingia bila yeye kujua. Dawa yake ni kuupitia kila mti polepole kwa darubini, hata ule unaoonekana mtupu, kabla ya kufunga hesabu ya dakika ile.

Ifikapo saa tano au saa sita mchana kundi litatulia. Hapo watu wengi huondoka. Wewe baki, uendelee kuandika "anapumzika" kila dakika kumi, hata ukurasa ukijaa neno hilo moja. Tazama pia nani amekaa karibu na nani, na nani anamchambua nani manyoya, kwa kuwa saa za tumbo kufanya kazi ndizo saa za kundi kutunza uhusiano wao.

Alasiri: mashamba, makaa na minazi

Kima punju wengi hawaishi ndani ya msitu mkubwa pekee. Kusini mwa Jozani, karibu na kijiji cha Pete, wako makundi yanayoishi katika mashamba ya watu, mahali penye mikungu, miembe na miti mingine ya kupandwa, na wengine huingia hadi katika mikoko na kula majani yake. Mpango wa alasiri uwe kulinganisha makundi hayo na lile la asubuhi. Ukitaka kuingia shambani, piga hodi na umsalimie mwenyewe ipasavyo. Mzee mwenye shamba ana haki ya kukuuliza unatafuta nini, na ana mengi ya kukueleza kuliko unavyodhani.

Hapa ndipo unapoweza kuona jambo lililomfanya kima punju azungumzwe na wanabiolojia wa nchi nyingi. Hushuka chini na kuokota makaa, kutoka kwenye matanuri ya zamani ya mkaa, kwenye visiki vilivyoungua au hata kando ya jiko, kisha huyatafuna. Mtafiti wa wanyama Thomas Struhsaker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tabia hiyo mwaka 1997. Maelezo yao yanarudi kwenye tumbo: majani ya mkungu na ya mwembe yana protini nyingi lakini pia yana fenoli nyingi, na makaa hunasa fenoli hizo juu ya uso wake, ili mnyama apate protini bila kulipa gharama yote ya sumu. Mtoto humwona mama akila makaa naye hujifunza. Ukibahatika kumwona, andika saa, umbo la kipande, alikokitoa, na hasa alikula nini kabla yake, kwa maana taarifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani.

Utasikia pia malalamiko kuhusu nazi. Kima punju hula vidaka, yaani nazi changa, na mkulima anayeviona vimetapakaa chini ana sababu ya kukasirika. Kirstin Siex na Struhsaker walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1999: hawakuona kwamba ulaji huo ulipunguza mavuno, kwa kuwa mnazi wenyewe hudondosha sehemu kubwa ya vidaka vyake, na kuondolewa kwa baadhi kunafanana na kupunguzia mti mzigo. Hata hivyo, usimfundishe mkulima katika shamba lake. Msikilize, uandike ni minazi mingapi, lini na kundi gani, kisha umshukuru. Uhai wa mnyama huyu nje ya hifadhi uko mikononi mwa wenye mashamba hayo.

Njiani kurudi utapita juu ya matuta yaliyojengwa katika barabara inayokata karibu na msitu. Yaliwekwa baada ya kima punju wengi kugongwa na magari, na vifo vimepungua, ingawa havijakoma. Kama umekodi gari, mwambie dereva apunguze mwendo kabla ya tuta na si juu yake tu.

Hesabu ya nyumbani

Ukirudi Dar, usiliache daftari likae wiki nzima, kwa sababu vifupisho vyako utavisahau. Jumlisha wanyama wote ulioandika katika mapito yote ya siku, kisha ugawanye kila shughuli kwa jumla hiyo. Ikiwa mapito yako yalikupa maandiko 120 na kati yake 42 ni ya kula, basi asilimia 35 ya uliowaona walikuwa wakikula. Fanya hesabu ya asubuhi, ya mchana na ya alasiri kila moja peke yake, vinginevyo wastani wa siku utaficha ule mpangilio wa kula, kupumzika na kula tena uliokuwa ukiutafuta. Kisha tenga maandiko ya kula peke yake, uone ni sehemu gani ya majani yaliyoliwa ilikuwa machanga, na ni miti mingapi iliyobeba sehemu kubwa ya chakula chao.

Siku moja haitoshi kueleza maisha ya mnyama ambaye chakula chake hubadilika miti inapochipua. Panga safari ya pili katika msimu tofauti: kama ya kwanza ilikuwa Julai au Agosti, wakati wa kiangazi, ya pili iwe mwishoni mwa vuli, mvua zinapokuwa zimekwisha kuamsha machipukizi. Mwombe mwongozaji yuleyule akupeleke kwa kundi lilelile, utumie dakika kumi zilezile na vifupisho vilevile, na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya uandike majina ya miti iliyoliwa safari iliyopita, ili kabla ya kumwinulia kima punju darubini uangalie kwanza kama mikungu na miembe ile ina majani machanga.